Nani Aliyetoboa Siri ya 1941?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandika kwenye insha, tukapata vema zetu, basi, yakaishia hapo. Lakini hebu tujiulize: kama kitu kinakuuma nguoni, ukaikung'uta nguo yote na usikione, utamlaumu nani? Utamlaumu aliye karibu. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika leo, na nitapita njia ambayo huenda wasomaji wengine wakaicheka: historia ya mashujaa wa katuni wa Kimarekani pamoja na watu waliowaumba.

Ubishi wenyewe ulianzia kwenye kibanda cha video mtaani kwetu, Morogoro. Tulikuwa tumebanana kwenye mabenchi tukitazama filamu ya mwaka 2016 iitwayo Captain America: Civil War. Kwa wasioijua, kisa ni hiki. Steve Rogers, yaani Captain America, na Tony Stark, yaani Iron Man, ni marafiki waliopigana vita bega kwa bega. Inakuja sheria ya kuwaweka mashujaa wote chini ya Umoja wa Mataifa. Tony anakubali, Steve anakataa. Mpaka hapo ni ugomvi wa kawaida wa watu wazima wenye misimamo. Kinachouvunja urafiki wao siyo sheria. Mwishoni, huko Siberia, Tony anaonyeshwa picha za tarehe 16 Desemba 1991, usiku ambao baba na mama yake waliuawa barabarani. Muuaji ni Bucky, rafiki wa Steve tangu utotoni, aliyekuwa ametekwa akili na maadui. Tony anageuka na kumuuliza Steve kama alijua. Steve anajibu kwanza kwamba hakujua kuwa ni Bucky. Tony anambana. Steve anakiri kwamba ndiyo, alijua. Kutoka hapo ni ngumi tupu.

Kibanda kizima kiligawanyika. Wengine walisema Steve ni msaliti, amekula na mtu mezani huku anajua nani alimuua mama yake. Wengine wakasema Tony hana akili, Bucky alitumwa, na Steve alinyamaza ili asimuumize. Mimi nilikaa kimya. Jamaa zangu walishangaa, maana kwa ubishi sijambo. Kumbe lile swali, "ulijua?", nami niliwahi kuulizwa lake, na nikajibu vilevile kama Steve alivyojibu mara ya kwanza. Hilo nitalieleza mwishoni. Kwanza historia.

Turudi New York. Mwishoni mwa 1940 vijana wawili, Joe Simon na Jack Kirby, walitoa toleo la kwanza la Captain America Comics. Jalada lilimwonyesha shujaa aliyevaa rangi za bendera ya Marekani akimtandika Hitler ngumi ya taya. Wakati huo Marekani yenyewe ilikuwa bado haijaingia vitani. Iliingia Desemba 1941. Simon alikuwa na miaka 27 na Kirby 23. Jina la Kirby la kuzaliwa lilikuwa Jacob Kurtzberg, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Austria, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Alikulia mitaa ya Lower East Side, ambako watoto wa mtaa huu walipigana na watoto wa mtaa ule kila kukicha. Mtu aliyekulia hivyo huwahesabu watu kwa mafungu mawili tu: wa kwetu na wa kwao.

Tajiri wao aliitwa Martin Goodman, mwenye kampuni ya Timely, ambayo baadaye ndiyo iliyokuja kuitwa Marvel. Pale ofisini palikuwa na kijana mdogo wa kutumwa, Stanley Lieber, aliyezaliwa Desemba 1922. Alikuwa binamu wa mke wa Goodman. Kazi yake ilikuwa kujaza vidau vya wino, kufuta mistari ya penseli na kufuata chakula cha mchana, na katikati ya shughuli hizo alipuliza kifilimbi mpaka Kirby akakereka. Mwaka 1941, katika toleo la tatu, kijana huyu alipewa nafasi ya kuandika kisa kifupi cha maneno matupu. Alikitia sahihi ya jina jipya: Stan Lee. Humo ndimo Captain America alipoirusha ngao yake kama silaha kwa mara ya kwanza. Na kisa chenyewe kilihusu nini? Kisasi cha msaliti. Historia nayo ina utani wake.

Sasa zihesabu siri, ndugu msomaji.

Siri ya kwanza ilikuwa ya tajiri. Simon na Kirby waliahidiwa sehemu ya faida ya Captain America. Mhasibu wa kampuni akamnong'oneza Simon kwamba wanapunjwa: gharama za ofisi nzima zilikuwa zikibebeshwa kitabu chao, hivyo kwenye daftari faida ilionekana kiduchu.

Siri ya pili ilikuwa yao wenyewe. Walipojua wanaibiwa hawakwenda kumkabili tajiri. Walizungumza kimyakimya na washindani wake, kampuni ya National, wenye Superman na Batman, ile iliyokuja kuitwa DC. Wakapanga chumba cha hoteli. Kwa Goodman waliendelea kumchora Captain America, na hotelini wakawa wanatayarisha kazi ya watu wengine.

Siri ya tatu ilimwangukia yule kijana. Kama Simon alivyokuja kusimulia, Lee alikuwa na tabia ya kuwafuata kila waendako, na siku moja akawafuata mpaka wakashindwa kumficha. Wakamwapisha asimwambie mtu.

Siku chache baadaye wakakabiliwa na ndugu zake Goodman. Tumejua mnakofanya kazi, wakaambiwa. Malizeni toleo la kumi kisha muondoke. Na kiti cha mhariri akakikalia nani? Stan Lee, kabla hajatimiza hata miaka 19.

Nani alimwaga mtama? Kirby hakuwa na shaka: ni yule mtoto. Aliamini hivyo maisha yake yote. Simon, ambaye walikuwa pamoja katika chumba kilekile na kufukuzwa pamoja, hakuing'ang'ania tuhuma hiyo. Biashara ya katuni ya New York ilikuwa kama mtaa mmoja. Wachoraji, wapiga chapa na wahariri walikula mezani pamoja, na habari ya vijana maarufu kuhamia kwa mshindani ingeweza kuvuja kutoka popote, hata kwa hao hao National. Ushahidi wa kumtia mtu hatiani haujapatikana hadi leo.

Bibi yangu alipenda kutusimulia habari za Fumo Liyongo, shujaa wa pwani asiyedhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ya kitovuni. Siri hiyo aliitoa mwenyewe kwa mwanawe, na ni mwanawe aliyemchoma. Tukiwa watoto tulimlaani yule kijana mpaka tukachoka. Ila angalau Liyongo alipata bahati moja, kama bahati ni neno lake: mkono uliomchoma aliujua. Kirby alichomwa gizani. Mtu aliyechomwa gizani hachagui adui kwa ushahidi, anachagua kwa ukaribu. Nani alikuwepo? Nani alijua? Nani kafaidika? Maswali yote matatu yalielekea kwa Lee, na mtu akishaelekewa na maswali matatu watu husahau kuwa bado hajajibu hata moja.

Tena angalia jambo jingine. Katika lawama zile zote, wenye siri wenyewe hawakujiuliza kwa nini walimbebesha mtoto wa ofisini, ndugu wa mke wa tajiri, mzigo wa kuchagua kati ya ukoo wake na mabwana aliowahusudu. Kumwapisha mtu ni rahisi sana. Kiapo hukitua moyo wako na kuulemea wake.

Kirby alikwenda vitani, akapelekwa Ufaransa mwaka 1944 kama askari wa miguu, akarudi na miguu iliyoharibiwa na baridi. Katika miaka ya 1950 biashara ya katuni ilianguka, kampuni zikafungwa, naye akagombana na mhariri mmoja wa DC. Ana mke na watoto, kazi hakuna. Mwishoni mwa miaka hiyo ikabidi arudi kwa Goodman, kule kule alikofukuzwa. Na mhariri wa kumpa kazi akawa ni nani? Stan Lee. Bwana we, hebu vuta picha! Mtu unayeamini alikuchongea ukiwa na miaka 24, sasa unasimama mezani kwake ukiwa na zaidi ya miaka 40 kuomba kurasa za kuchora.

Ajabu ni kwamba katika kinyongo hicho ndimo zilimotoka kazi kubwa kuliko zote. Novemba 1961 ndiyo tarehe iliyo juu ya jalada la toleo la kwanza la Fantastic Four. Zikafuata za Hulk na Thor mwaka 1962, kisha Avengers na X-Men mwaka 1963. Mashujaa wa zamani walikuwa watu wa chuma hata moyoni: hawanuni, hawalaumiani. Hawa wapya waligombana kama ndugu wa tumbo moja. Ben Grimm, rubani, alimwonya rafiki yake Reed kwamba miale ya angani itawadhuru. Akaitwa mwoga, akarusha roketi, na akarudi amegeuka jitu la mawe. Lawama yake kwa Reed ilikaa nyumbani kama mgeni asiyeaga, na bado Ben hakuhama. Hulk aliwakimbia wenzake katika toleo la pili tu la Avengers. Na Captain America, walipomwokota kwenye barafu katika toleo la nne mwaka 1964, jambo la kwanza alilolia ni Bucky, aliyedhaniwa amekufa, na aliyemlaumu kwa kifo hicho ni yeye mwenyewe. Ilipita miaka 40 na zaidi kabla ya mwandishi Ed Brubaker na mchoraji Steve Epting kumfufua Bucky mwaka 2005 akiwa muuaji wa siri. Huyo ndiye tuliyemwona kwenye kibanda.

Je, nani aliyeumba haya yote? Hapo ndipo siri nyingine ilipozaliwa, ila hii ilikuwa mchana kweupe. Lee alikuwa na kazi nyingi, hivyo alimpa Kirby muhtasari, wakati mwingine mazungumzo tu ya ofisini au ya simu. Kirby akaenda nyumbani akakichora kisa chote, nani anaingia, nani anakufa, kisha Lee akaandika maneno ya wahusika juu ya picha. Ukurasa ulipochapwa ulisema mwandishi ni Lee na mchoraji ni Kirby. Aliyebuni hakuandikwa, kwa sababu kila mmoja moyoni mwake aliamini ni yeye.

Januari 1966 gazeti la New York Herald Tribune lilichapa makala ndefu. Lee alisifiwa kama mtu wa maajabu. Kirby akalinganishwa na msimamizi msaidizi wa kiwanda cha mikanda ya kubana tumbo. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo kasoma hayo asubuhi, pamoja na mkewe Roz. Roz alimpigia Lee simu asubuhi hiyo hiyo akiwaka. Lee alijitetea kwamba maneno si yake, ni ya mwandishi wa gazeti. Inawezekana kabisa. Lakini kwa mtu mwenye jeraha la 1941, utetezi wa aina hiyo alikwisha kuusikia.

Mwaka huo huo likatokea jambo ambalo kwangu mimi ni zito kuliko yote. Joe Simon alidai haki yake juu ya Captain America. Kirby alisimama upande gani? Upande wa Goodman. Kampuni iliahidi kwamba kitakacholipwa kwa Simon, Kirby naye atalipwa, naye akatia sahihi dhidi ya rafiki aliyepigana naye bega kwa bega. Simon alipatana na kampuni mwaka 1969. Simtaji Kirby hapa ili nimchafue. Alikuwa na familia ya kulisha, na baadaye yeye na Simon walisameheana. Namtaja kwa sababu mtu aliyelia robo karne kwamba amesalitiwa naye alifika njia panda akachagua mkate. Uaminifu si kitu kimoja kinachoshikwa kwa mkono mmoja. Una uaminifu kwa rafiki, kwa watoto, kwa anayekulipa, na siku zikigongana lazima mmoja utaanguka.

Kirby aliondoka mwaka 1970 akaenda DC. Mwaka 1972, katika toleo la sita la Mister Miracle, alimchora mhusika aitwaye Funky Flashman, tapeli mwenye maneno matamu anayeishi kwa jasho la wengine. Kila mtu wa fani hiyo alijua anayesemwa ni nani. Katika miaka ya 1980 alidai kurasa zake za asili. Kwanza akataka kupewa 88 tu, tena kwa masharti ambayo wachoraji wengine hawakuwekewa, na baada ya kelele nyingi akapata takriban 2,000 mwaka 1987, sehemu ndogo ya alizochora. Katika mazungumzo yaliyochapwa mwaka 1990 alikana kabisa kwamba Lee aliwahi kubuni chochote pamoja naye. Huko naye alipitiliza. Ndivyo lawama ilivyo. Ikikaa sana haiumi mahali ilipotakiwa tu, inakula na nyama nzima pembeni.

Jack Kirby alifariki tarehe 6 Februari 1994. Lee alihudhuria mazishi. Baadaye alisimulia kwamba mara ya mwisho walipokutana kwenye tamasha la katuni, Kirby alimwambia kuwa hana sababu ya kujilaumu. Ni maneno mazuri, na napenda kuamini yalisemwa. Ila shahidi wake ni Lee peke yake. Naye Lee alifariki Novemba 2018, na Simon alikwishatangulia Desemba 2011. Warithi wa Kirby walipatana na Marvel Septemba 2014, na tangu hapo jina la mzee limekuwa likiandikwa wazi kwenye kazi zake. Haki ya karatasi ilipatikana. Ya 1941 ilizikwa bila jibu.

Sasa rudi kwenye mashujaa. Hadithi ya Civil War ya mwaka 2006 hadi 2007, iliyoandikwa na Mark Millar na kuchorwa na Steve McNiven, ndiyo iliyoizaa ile filamu. Humo Spider-Man, kwa kumtii Tony, anavua kofia ya uso mbele ya waandishi wa habari na kutaja jina lake. Haupiti muda mrefu anajuta na kumhama Tony, na shangazi yake anapigwa risasi iliyomlenga yeye. Sisemi Millar alikuwa akimfikiria Kirby. Ninachosema ni kwamba ukizisoma habari hizi pamoja, za waliochorwa na za waliochora, unakuta kitu kimoja: siri ikitoka haiui urafiki peke yake. Kinachoua ni jibu la nusu. Goodman alitoa hesabu ya nusu. Simon na Kirby walimpa tajiri kazi ya nusu huku wametabasamu. Ukurasa ulitaja ukweli nusu. Na Steve, alipoulizwa, alitoa kwanza nusu.

Nimeahidi kueleza langu. Mwaka 2013 swahiba yangu alikuwa fundi wa kuandika mabango kwa tajiri mmoja hapa mjini. Malipo yalikuwa ya kusuasua. Akaanza kwenda usiku kwa fundi mwingine, mshindani wa tajiri wake, akanionyesha na bango lenyewe akiwa na furaha kama mtoto. "Kaka, hii iishie hapa hapa," akaniambia. Nikamwapia. Haikupita wiki mbili akafukuzwa, na mshahara wa mwezi ukaliwa. Alikuja kwangu jioni, hakuketi. Akaniuliza: "Ulisema?" Nikamjibu: "Kwa tajiri wako? Wallahi sijawahi hata kuongea naye."

Na ni kweli, sikuwahi. Ila nilimwambia dada yangu, kwa kucheka tu, jikoni. Dada anauza chapati, na mafundi wa mtaa ule ni wateja wake. Hata yeye sikuthubutu kumuuliza kama aliyasema, nikiogopa jibu. Miaka ilipita tunasalimiana kwa mkono na swahiba yangu, hatuongei. Watu wakiniuliza nasema alinisingizia.

Baada ya kuyasoma ya Kirby na Lee niliona aibu. Wao wamekwenda na hakuna wa kuwakalisha tena. Sisi tuko, nyumba kwa nyumba. Jumamosi moja nikaenda kwenye banda lake, siku hizi ana kazi yake mwenyewe, nikamwambia yote, pamoja na jikoni na chapati. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ungeniambia siku ile ningekutukana, basi, yangeisha." Hakusema amenisamehe, nami sikumdai. Aliniambia nirudi Jumamosi ijayo nimsaidie kubeba ngazi.

Nilirudi.